Gopher kwenye Windows 98: kuisakinisha, kuitumia, na kuweka orodha yenu wenyewe

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Morogoro ameniandikia hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Shule yetu imepewa kompyuta 8 kuukuu za Pentium zenye Windows 98. Zinawaka vizuri, ila tovuti za siku hizi hazifunguki kabisa. Nafundisha kompyuta kidato cha tatu. Nilisoma mahali kwamba kabla ya Google watu walitumia programu iitwayo Gopher, iliyokuwa kama orodha ya vitu vilivyomo kwenye intaneti. Je, inaweza kusakinishwa kwenye mashine hizi? Bado kuna cha kufungua? Na je, tunaweza kuweka humo notsi zetu wenyewe?"

Marahaba, Mwalimu. Inawezekana, bado kuna cha kufungua, na notsi zenu mnaweza kuziweka. Hilo la notsi ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu, kwa sababu ukilifanya vizuri, kompyuta hizo 8 zitakuwa maktaba ya shule hata siku ambayo bando limekwisha.

Kwanza tujue kwa nini zinagoma. Tovuti za leo, karibu zote, husimba mazungumzo kati ya seva (kompyuta inayotoa kurasa) na kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) ili mtu wa katikati asiyasome. Mbinu za kusimba zilizomo kwenye Windows 98 ni za zamani mno, seva za sasa hazizikubali. Mashine inapiga hodi, mlango haufunguliwi. Hata zile chache zinazofungua mlango humwaga picha na misimbo, yaani programu ndogo za ndani ya ukurasa, ambayo Pentium yenye kumbukumbu ya megabaiti 32 haiwezi kuibeba. Gopher haina lolote kati ya hayo. Haisimbi, haipakii picha usizoziomba, haiendeshi misimbo. Inatuma mistari ya maandishi na kunyamaza. Kwa hiyo kompyuta ya mwaka 1998 inaongea na seva ya Gopher ya leo bila kigugumizi, na hiyo ni kati ya sehemu chache za intaneti ambako umri wa mashine hauonekani.

Gopher ilizaliwa mwaka 1991 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Timu iliyoongozwa na Mark McCahill, pamoja na Farhad Anklesaria, Paul Lindner, Daniel Torrey na Bob Alberti, ilitakiwa isaidie kutafuta njia ya kusambaza taarifa za chuo. Wakati ule vyuo vilizoea kuweka kila kitu kwenye kompyuta moja kubwa. Hawa waliandika programu ndogo ya kompyuta za mezani, na nyingine ndogo ya seva, zikaongea kwa kanuni nyepesi sana. Jina ni la mnyama mchimbaji wa Amerika Kaskazini, anayefanana na fuko wetu, na ndiye nembo ya timu za michezo za chuo hicho.

Ili wanafunzi wako waelewe ukubwa wa jambo hilo, waeleze hali ilivyokuwa. Vitu vilikuwepo kwenye intaneti: katalogi za maktaba, mafaili ya programu, taarifa za hali ya hewa. Shida ilikuwa kujua viko wapi. Mwaka 1990 Alan Emtage, kijana wa Barbados aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alitengeneza Archie, iliyokusanya majina ya mafaili kutoka seva mbalimbali ili mtu aweze kuyatafuta. Mwaka huohuo Peter Scott wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, alitoa HYTELNET. Hiyo ilikuwa saraka kamili uliyoiweka ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Ilijificha kwenye kumbukumbu ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Ukibonyeza Control pamoja na Backspace inajitokeza na orodha ya maktaba na hifadhidata za dunia, anwani ya kila moja na jinsi ya kuingia. Kasoro yake ni kwamba orodha ilikaa kwako, na kila ilipobadilika ulihitaji kupata mafaili mapya. Gopher iliondoa kasoro hiyo: orodha ikabaki kwa mwenye nayo, akiirekebisha wewe unaona marekebisho papo hapo, na mstari mmoja wa orodha yake unaweza kukupeleka kwenye orodha ya mtu mwingine nchi nyingine bila wewe kuandika anwani yoyote.

Mimi niliiona mara ya kwanza mwaka 1993, nikiwa mwanafunzi ughaibuni. Nilikaa mbele ya skrini nyeusi, nikashuka kwa kitufe cha mshale mstari baada ya mstari, nikabonyeza Enter, na nikajikuta ndani ya katalogi ya maktaba iliyo ng'ambo ya bahari. Sikuwa nimeandika chochote. Nilitoka pale saa mbili usiku sijala.

Huku nyumbani wakati huo wengi waliokuwa na mawasiliano walikuwa na barua pepe tu, nayo ilisafiri kwa simu, usiku, kwa mtandao wa Fidonet ambao Nairobi ilikuwa moja ya vituo vyake. Hao nao hawakuachwa. Kulikuwa na seva zilizopokea barua pepe, zikaichukua menyu ya Gopher na kukurudishia kama barua. Ulijibu barua ileile ukiwa umeweka alama ya X mbele ya mstari unaoutaka, ukatuma, ukasubiri. Mstari ukifunguka unapata menyu nyingine, unaweka X tena. Mtu aliweza kutumia siku kadhaa kuifikia makala moja, na aliifikia. Mfumo unaoweza kupita hata kwenye barua pepe ya namna hiyo ni mfumo mwepesi kweli, na ndiyo maana naamini unawafaa ninyi.

Sasa kazi. Usianze na Gopher. Anza na mtandao wenyewe, maana asilimia kubwa ya wanaoniambia "programu imekataa" huwa hawajaunganishwa popote.

Angalia nyuma ya kila kompyuta kama kuna tundu la kebo ya mtandao. Kama halipo, tafuta kadi ya mtandao ya zamani ya kuchomeka ndani. Zenye chipu ya Realtek 8139 zilikuwa nyingi sana na bado zinapatikana kwa mafundi. Wi-Fi isahau kwenye Windows 98, utapoteza wiki nzima. Kisha fungua Control Panel, ingia Network, uhakikishe kwenye orodha kuna TCP/IP (kanuni ambazo kompyuta hutumia kuongea mtandaoni) imeunganishwa na kadi yako. Isipokuwepo, bonyeza Add, chagua Protocol, halafu Microsoft, halafu TCP/IP. Itakuomba CD ya Windows 98, kwa hiyo iwe nayo karibu. Ukimaliza, zima na kuwasha, nenda Start, Run, andika winipcfg. Ukiona namba ya anwani inayoanza na 192.168 au inayofanana na ya rauta yenu, umefika. Ukiona 169.254 mwanzoni, kompyuta haijapewa anwani: angalia kebo.

Programu ninayokushauri ni WSGopher toleo la 1.2. Iliandikwa na Dave Brooks, aliyekuwa maabara ya taifa ya Idaho, mwaka 1994, na mpaka leo sijaona ya Windows za zamani iliyo safi kuliko hiyo. Faili lake huitwa wsg-12.exe na linaenea kwenye disketi moja. Lipakue kwa kompyuta ya kisasa au simu kutoka kwenye hazina za programu za zamani. Hata seva ya Floodgap, nitakayoitaja chini, inahifadhi programu za Gopher za mashine za kila aina. Kulihamisha kunahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu Windows 98 haitambui flashi bila kuwekewa dereva. Kama disketi zenu zimekufa, choma CD moja, ipitishe kwenye mashine zote 8.

Tengeneza folda C:\WSGOPHER, nakili faili humo, libofye mara mbili. Linajifungua lenyewe na kuacha mafaili machache, pamoja na WSGOPHER.EXE. Hilo ndilo utakaloliwekea njia ya mkato kwenye skrini. Hakuna cha ziada: haigusi mahali pengine, na ukitaka kuiondoa unafuta folda, basi.

Hapa nikuonye. Ukitafuta maelezo ya zamani ya kusakinisha Gopher, mengi yatakuambia uweke kwanza Trumpet Winsock. Usiweke. Programu hiyo ya Peter Tattam wa Tasmania ilifanya kazi kubwa kwa watu wa Windows 3.1, ambayo haikuja na TCP/IP. Windows 98 ina yake tayari. Ukiingiza WINSOCK.DLL ya Trumpet juu ya ile iliyopo, mtandao mzima wa mashine unavurugika, na kuurudisha ni kazi ya nusu siku. Vilevile usijaribu WSGopher kwenye kompyuta mpya ya Windows ya biti 64, haitawaka. Hii ni programu ya biti 16 na Windows za biti 64 haziziendeshi kabisa.

Ukiifungua mara ya kwanza itajaribu kwenda kwenye seva ya nyumbani iliyowekwa miaka hiyo, na itashindwa, kwa kuwa anwani hizo zilishakufa. Usihangaike. Nenda kwenye menyu ya Configure, tafuta mahali pa seva ya nyumbani, andika gopher.floodgap.com, poti (namba ya mlango wa kuingilia kwenye seva) 70, na ile nafasi ya njia iache wazi. Funga, fungua tena. Utaona orodha: penye folda unaingia ndani, penye karatasi unasoma, penye alama ya kutafuta unaandika neno.

Floodgap inatunzwa na Cameron Kaiser huko California kwa miaka mingi sasa, na ndipo mahali pa kuanzia. Humo kuna orodha ya seva nyingine zilizo hai, na kuna Veronica-2, chombo cha kutafuta. Veronica ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1992 na Steven Foster na Fred Barrie wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno. Ilipita seva zote zilizojulikana, ikakusanya majina ya vitu vilivyomo kwenye menyu, ikakuruhusu kuyatafuta. Wanafunzi waandike neno lolote la Kiingereza la somo lao waone kinachokuja. Wataona shajara za watu, vitabu vya zamani, mashairi, habari za redio za mawimbi mafupi, na mengi kuhusu kompyuta zenyewe. Kiswahili hamtakikuta kingi. Nitalirudia hilo.

Kabla hujawapa wanafunzi WSGopher, wafanyie somo moja bila hiyo. Windows 98 ina programu ya Telnet, ya kuiandikia seva moja kwa moja. Start, Run, andika telnet. Kwenye Terminal, Preferences, weka alama kwenye Local Echo ili waone wanachoandika. Kisha Connect, Remote System: jina la seva ni gopher.floodgap.com, na kwenye poti ufute neno lililopo, uandike 70. Bonyeza Connect. Skrini itakaa kimya. Seva inasubiri useme. Bonyeza Enter peke yake, yaani umesema "nipe menyu yako kuu", na mistari itamwagika mpaka mwisho, halafu itakuja taarifa kwamba muunganisho umekatika. Hiyo si hitilafu. Seva imejibu, imeaga.

Nimewahi kulifundisha somo hili kwa vijana waliokuwa wanatumia intaneti kila siku ya maisha yao, na uso wa mtu anayegundua kwamba ameongea na seva kwa mkono wake, bila kivinjari, ni kitu cha kuona. Gopher nzima ni hiyo. Kanuni zake zilichapishwa Machi 1993 kwenye waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 1436, na kijana wa kidato cha tatu anaweza kuzifuata.

Waonyeshe mstari mmoja wa menyu kwa karibu. Nitaandika mshale mahali penye kitufe cha Tab:

1Jiografia→/jiografia→192.168.1.10→70

Herufi ya kwanza kabisa inasema kitu hiki ni cha aina gani. 1 ni menyu nyingine, 0 ni maandishi ya kusoma, 7 ni mahali pa kutafuta, 9 ni faili la kupakua, g ni picha ya GIF, I ni picha ya aina nyingine, 3 ni taarifa ya kosa. Baada ya namba, bila nafasi, linafuata jina ambalo msomaji analiona. Halafu Tab, na njia ya kitu hicho ndani ya seva. Tab, na seva yenyewe. Tab, na poti. Programu inaficha vyote hivyo na kukuonyesha neno "Jiografia" pembeni ya folda. Angalia vizuri kwamba anwani ya seva imo ndani ya kila mstari. Hapo ndipo nguvu ilipo: mstari wa juu unaweza kuwa wa seva yenu Morogoro, wa chini yake ukawa wa seva ya Marekani, na msomaji akapita bila kujua amevuka bahari.

Tunafika kwenye notsi zenu. Mnahitaji kompyuta moja ya tisa yenye Linux. Laptopu yoyote ya miaka 10 iliyopita inatosha, hata Raspberry Pi. Mnahitaji swichi, na usinunue ya matundu 8, kwa kuwa mashine zenu 8 na seva ni 9 tayari, na rauta ni 10. Chukua ya 16. Kwenye Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, sakinisha programu ya seva ya Gopher iitwayo Gophernicus kwa sudo apt install gophernicus. Kwa kawaida mafaili yanakaa /var/gopher. Seva ipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, na zile 8 zipe 192.168.1.21 hadi 28, zote kwa subnet mask ya 255.255.255.0, kisha kwenye WSGopher seva ya nyumbani iwe hiyo 192.168.1.10. Intaneti ikikatika, maktaba yenu inaendelea.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya hapa linatokana na ule mstari tuliousoma. Seva huandika jina lake mwenyewe ndani ya kila mstari wa menyu. Kama inajiita localhost, yaani "mashine hii hii", WSGopher ya mwanafunzi itafungua menyu ya kwanza vizuri, lakini akibofya chochote, mashine yake itakwenda kukitafuta ndani yake yenyewe, ikose. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya Gophernicus weka -h 192.168.1.10, ili ijitambulishe kwa anwani ambayo kila mashine inaifikia.

Menyu yenyewe ni faili la maandishi linaloitwa gophermap, moja ndani ya kila folda. La kwanza linaweza kuwa hivi:

0Soma hapa kwanza→/karibu.txt
0Ratiba ya mitihani→/ratiba.txt
1Jiografia→/jiografia
1Historia→/historia
1Kiswahili→/kiswahili
1Maktaba za nje→/→gopher.floodgap.com→70

Mistari ya mambo yenu haihitaji anwani na poti, Gophernicus inajaza. Wa mwisho unahitaji, kwa kuwa unatoka nje.

Kuhusu hizo Tab: kuna alasiri niliipoteza nzima. Menyu ilionekana kamili, majina yote yapo, ila mistari mitatu haikufunguka kamwe. Nilibadilisha kebo, nikawasha seva upya, nikasoma mipangilio neno kwa neno. Mwishowe niliweka kishale mwisho wa jina na kubonyeza mshale wa kulia. Kwenye mistari mizima kishale kiliruka mara moja mpaka kwenye njia. Kwenye ile mitatu kilitembea hatua moja moja, nane. Kihariri nilichotumia kilikuwa kinageuza Tab kuwa nafasi nane, na machoni havitofautiani hata kidogo. Tangu hapo, mstari ukigoma, jambo la kwanza ninalofanya ni kutembeza kishale. Wafundishe wanafunzi wako jambo hilo kabla ya mengine yote.

Kiswahili chetu kina bahati kubwa kwenye mashine za zamani. Tunaandika kwa herufi za kawaida tupu, hakuna vitone juu wala mikia chini, na WSGopher inazionyesha zote sawasawa. Pana shimo moja tu: alama ya ng'. Mwalimu akiandika notsi kwenye Word, programu inaigeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na faili likifika kwenye Windows 98, "ng'ombe" anatokea na herufi tatu za ajabu katikati ya jina lake. Vivyo hivyo alama za kunukuu na vistari virefu. Andikeni notsi kwa Notepad, au zikitoka Word zipitishwe kwanza kwa kutafuta na kubadilisha. Na kila mstari ukatwe usizidi herufi 70, kwa kubonyeza Enter, maana usipoukata utatoka nje ya skrini. Kuhusu nafasi msiwe na wasiwasi: ukurasa wa herufi 2,000 ni kilobaiti 2, kwa hiyo disketi moja inabeba kurasa kama 700.

Utakutana pia na aina ya mstari unaoanza na i, wa maelezo tu, usiofunguka. Ulienea baadaye, haumo kwenye RFC 1436, na programu za 1994 zinaweza kuuonyesha vibaya. Ndiyo maana kwenye mfano wangu maneno ya makaribisho nimeyaweka kwenye faili la "Soma hapa kwanza".

Kusakinisha kutakuchukua Jumamosi moja, Mwalimu. Kupanga ndiko kutakakokula muda, na naomba usikuharakishe. Enzi za Gopher niliona seva zenye mambo mazuri ambazo hazikusomwa, kwa sababu aliyezipanga aliweka folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja na kitu kimoja. Niliona pia zilizoandika majina ya mafaili kama yalivyo, "jio3_mpya_b.txt", ambayo anayejua maana yake ni aliyeyaandika tu. Jina la kwenye menyu ni ahadi kwa msomaji. Andika "Jiografia kidato cha 3: Mito ya Afrika Mashariki", na mwanafunzi atajua anachofungua kabla hajafungua. Menyu moja isizidi skrini moja, kama mistari 15 hivi. Kitu cha kusoma kisiwe mbali zaidi ya mibofyo mitatu kutoka nyumbani. Na gawa kazi: kila kundi la wanafunzi lipewe folda ya somo moja, wao ndio watunzaji wake, majina yao yawe kwenye faili la juu la folda hiyo.

Kwa nini Gopher ilishindwa na wavuti, wataulizana, na ni haki yao kujua. Mwanzoni mwa 1993 Chuo Kikuu cha Minnesota kilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa programu yake ya seva watalipia leseni. Watu waliogopa, hata wale ambao wasingelipa chochote. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo, maabara ya fizikia ya CERN kule Geneva ikatangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya umma, bure kwa yeyote. Kisha vikaja vivinjari vyenye picha ndani ya maandishi. Kufikia 1994 wavuti ilikuwa imeipita Gopher. Mimi naweka uzito zaidi kwenye leseni kuliko kwenye picha, ingawa wenzangu wengi watanipinga.

Usalama nauweka kwa ufupi lakini kwa mkazo. Gopher haisimbi chochote, kwa hiyo hakuna nywila, matokeo ya mtihani ya mtu binafsi wala namba ya simu ya mzazi inayotakiwa kuwekwa humo. Microsoft iliacha kuirekebisha Windows 98 tarehe 11 Julai 2006, hivyo mashine hizo zikae nyuma ya rauta, zisitumike kwa barua pepe wala benki. Na ingawa Internet Explorer iliyokuja na Windows 98 inaweza kufungua anwani za gopher://, usiitumie: mwaka 2002 iligunduliwa tundu la hatari kwenye sehemu hiyohiyo, na Microsoft ikaizima kwenye matoleo yaliyofuata.

Wale wenye simu au laptopu mpya wanaweza kuwafuata wenzao bila shida. Lagrange inafungua Gopher, Lynx inafungua, na mwenye curl anaandika curl gopher://192.168.1.10 akapata menyu yenu ileile.

Nilisema nitarudi kwenye Kiswahili. Ukitafuta kwenye Veronica-2 maneno kama "methali" au "mito", utaona jinsi kapu lilivyo tupu. Orodha ya wanafunzi wako ikiwa tayari na imepangwa vizuri, na shule ikipata anwani ya kudumu ya intaneti, ifungueni kwa nje kwa poti 70 na mwombeni mtunzaji wa Floodgap aiingize kwenye orodha yake ya seva mpya. Laptopu yenye seva iwekwe pekee yake kwa kazi hiyo, isiwe na faili jingine lolote la ofisi. Ukifika hapo niandikie tena na unipe anwani, nitaipitia menyu yenu mstari kwa mstari na kukurudishia niliyoyaona.